Yule mwembamba wa pembeni: kwa nini Harry Dean Stanton hakuwa steringi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Juzi usiku nilikuwa natazama Alien, ile ya mwaka 1979, nikamwona fundi mmoja mwembamba mwenye kofia na shati la maua. Nikajiuliza, huyu si ndiye baba wa yule binti kwenye Pretty in Pink? Kufuatilia, kumbe ndiye huyo huyo aliyekuwa mfungwa kwenye The Green Mile. Anaitwa Harry Dean Stanton. Picha zaidi ya mia, na pale nyumbani hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake. Mtu mwenye kipawa kile alikosa nini hata asiwe steringi? Nauliza kwa sababu nami naigiza, na huu ni mwaka wa saba napewa mlinzi wa getini, dereva, mjomba wa bibi harusi."

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikusahihishe kidogo: usteringi aliupata. Mara ya kwanza alikuwa na miaka 57, na ya mwisho alikuwa anaukaribia mwaka wa 90. Kabla ya hapo na katikati ndipo zilipo hizo picha zako zaidi ya mia, ambazo ndani yake anakufa mapema, anahubiri uongo, anapiga gitaa kwenye kona, au amekaa tu anavuta sigara wenzake wakiendelea na habari. Kwa hiyo swali lako ni maswali mawili: kwa nini alichelewa hivyo, na kwa nini alipofika hakukaa. La pili ndilo linalokuhusu zaidi, ila hatulifikii bila kupita kwenye la kwanza.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1926 huko West Irvine, Kentucky, kwenye nchi ya wakulima wa tumbaku. Baba yake alilima tumbaku na kunyoa watu nywele, mama yake alikuwa msusi, na wazazi hao waliachana yeye angali mwanafunzi. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta kijana, akaingia jeshi la majini, akawa mpishi kwenye meli ya kushushia vifaru na askari ufukweni. Meli yake ilikuwepo kwenye mapigano ya Okinawa, kisiwa cha Japani. Hili la mpishi wa meli lishike, tutalirudia. Vita vilipokwisha akasoma Chuo Kikuu cha Kentucky, mambo ya uandishi wa habari na redio, akaonja jukwaa pale chuoni, likamnogea. Akaacha masomo, akaenda California kujifunza uigizaji Pasadena Playhouse.

Alipoanza kupata kazi, miaka ya katikati ya 1950, televisheni ya Marekani ilikuwa imeingiwa na homa ya makauboi. Hesabu ya biashara hiyo ni rahisi. Steringi wa tamthilia ni mmoja na yupo wiki zote, lakini kila wiki anahitaji mtu mpya wa kumpiga risasi. Na majambazi wale walitakiwa wawe na sura. Stanton alikuwa nayo: mashavu yaliyoingia ndani, shingo ndefu, macho ya mtu asiyelala vizuri. Akawa mgeni wa kudumu wa tamthilia kama Gunsmoke na Rawhide, anaingia, anafanya ubaya wake, anauawa, anarudi msimu mwingine akiwa jambazi mwingine mwenye jina jingine. Hata jina lake halisi hakulitumia kamili. Alikuwepo mwigizaji mwingine aitwaye Harry Stanton, kwa hiyo kwa miaka mingi yeye aliandikwa Dean Stanton tu.

Hapo ndipo wengi hukwama, na pengine ndipo ulipokwama wewe. Mtu anayepewa dakika mbili ana kishawishi kikubwa cha kuzijaza. Anakohoa, anachechemea, anakodoa macho, anatafuna kijiti, ilimradi mtazamaji asimsahau. Mtaani tunasema anauza sura. Stanton mwenyewe hakuwa salama na ugonjwa huu. Kilichomponya ni rafiki yake Jack Nicholson, ambaye wakati huo hakuwa mtu mkubwa. Walishibana sana. Nicholson alipooa mwaka 1962 Stanton ndiye aliyemsimamia, na baadaye, ndoa ile ilipovunjika, waliishi nyumba moja. Katikati ya miaka ya 1960 Nicholson aliandika picha ndogo ya kauboi, Ride in the Whirlwind, akampa Stanton kuwa kiongozi wa majambazi mwenye kitambaa kwenye jicho moja. Akamwambia jambo ambalo Stanton alilisimulia mpaka uzeeni: usifanye chochote. Nguo zitaigiza, kitambaa cha jicho kitaigiza, wewe kuwa mwenyewe tu.

Nikiwaambia wanafunzi wangu hivyo, nusu yao huelewa kwamba wamepewa ruhusa ya kuzubaa. Sivyo. Kutofanya chochote mbele ya kamera ni kazi ngumu, kwa sababu lazima pawe na kitu ndani cha kukizuia kisitoke. Zoezi ninalowapa ni hili: chukua picha yoyote ya Stanton, zima sauti kabisa, kisha usimtazame anayesema, mtazame yeye anayesikiliza. Utaona maneno yanamfika. Yanaingia, yanakaa, na jibu linaanza kupanda usoni kabla mdomo haujafunguka. Waigizaji wengi wa pembeni hungojea zamu yao ya kusema, na kamera ina umbea wake, inawaumbua hapo hapo. Yeye alikuwa ndani ya mazungumzo hata pale ambapo mwandishi hakumwandikia neno.

Turudi kwenye Alien yako. Mwongozaji Ridley Scott alipomwita, Stanton alimwambia wazi kwamba hapendi picha za anga za juu wala za mazimwi. Scott akamjibu kwamba hata yeye hazipendi, ila anadhani hii anaweza kuitengeneza ikawa kitu. Akapewa Brett, fundi wa injini. Angalia alichokifanya na Brett. Mle chomboni wakubwa wanapanga mambo mazito, huku yeye na fundi mwenzake Parker wanalalamikia mgawo wao wa malipo kuwa mdogo kuliko wa wengine. Kila Parker anaposema jambo, Brett anaitikia kwa neno moja tu, lile lile, la kukubali, mpaka wenzake wanamtania. Kwenye karatasi hiyo ni nafasi ya kasuku. Stanton akaifanya kuwa mtu unayemjua: mfanyakazi wa muda mrefu aliyeacha kubishana kwa sababu kubishana hakulipwi.

Kisha ndilo tukio la kifo chake. Brett anamtafuta paka kwenye ukumbi mkubwa wenye giza, minyororo inaning'inia kutoka juu, maji yanadondoka. Mwongozaji mwingine angemwambia aogope. Stanton anasimama, anavua kofia, anainua uso na kuyaacha yale matone yamdondokee. Anaburudika. Ni mtu aliyechoka, ana joto, amepata maji ya bure. Sekunde kadhaa za starehe ndogo kabisa ya kibinadamu, na zimwi liko juu yake. Mimi nimeshaitazama sehemu ile sijui mara ngapi, na kinachonitisha si meno ya zimwi, ni ile raha ya Brett. Steringi hawezi kukupa hicho. Unajua hafi, kwa hiyo humwangalii namna hiyo.

Sasa swali la bahati. Usije ukadhani alikuwa mtakatifu aliyeridhika na kona yake. Kuna hadithi husimuliwa kuwafariji waigizaji, eti Stanton hakuutaka ukubwa. Siiamini, kwa sababu maelezo yake mwenyewe yanaipinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa baa mjini Santa Fe, New Mexico, na mwandishi wa tamthilia Sam Shepard. Stanton akamlalamikia kwamba amechoshwa na nafasi anazopewa, anataka kuigiza kitu chenye uzuri na hisia ndani yake. Hakujua kwamba aliyekuwa anamlalamikia anayo skripti mkononi. Muda si mrefu akapewa uhusika mkuu kwenye Paris, Texas ya mwongozaji Mjerumani Wim Wenders.

Hii itafute uitazame, hata kama hutatazama nyingine. Mtu mmoja, Travis, anatokea jangwani Texas amevaa suti iliyochakaa na kofia nyekundu, ana dumu la maji mkononi. Anakunywa tone la mwisho, analiacha dumu, anaendelea kutembea. Haongei. Ndugu yake anasafiri kuja kumchukua, anamsemesha njia nzima, naye kimya. Inapita karibu nusu saa ya picha kabla steringi hajatamka neno. Fikiria mtayarishaji gani angekubali jambo hilo kwa staa mwenye mikataba ya mamilioni! Lakini Wenders alikuwa na mtu aliyefanya mazoezi ya kunyamaza kwa karibu miaka 30. Zile Gunsmoke zote, wale majambazi wote waliosimama nyuma ya wenzao wakisikiliza, ndiyo ilikuwa shule ya nusu saa ile.

Halafu karibu na mwisho yanabadilika. Travis amemtafuta mkewe waliyepotezana miaka, Jane, aliyeigizwa na Nastassja Kinski, amemkuta anafanya kazi mahali ambapo wanaume hulipa kuongea na wanawake kupitia kioo. Mwanamume anamwona mwanamke, mwanamke anaona taswira yake mwenyewe tu. Wanaongea kwa simu. Travis anakigeuza kiti chake, anampa mgongo, kisha anaanza kusimulia habari za watu wawili aliowahi kuwafahamu. Hasemi "mimi". Anasema "yeye mwanamume", "yule msichana". Anasimulia mapenzi, wivu, ulevi, ukatili, moto. Sauti haipandi. Jane anaanza kusikiliza kama anavyosikiliza wateja wote, kisha uso wake unabadilika taratibu, kwa sababu ameanza kuwatambua watu wale. Ni hotuba ndefu kuliko mistari yote ambayo Stanton alizoea kupewa kwenye picha nzima, na sehemu hiyo ya mwisho ya skripti haikuwa hata imeandikwa walipoanza kurekodi. Shepard aliituma akiwa mbali, kwenye kazi nyingine.

Sasa ona ufundi wenyewe. Tukio ambalo mwigizaji yeyote mwenye njaa ya tuzo angelia, angepiga kioo, Stanton analifanya kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani dhidi yake mwenyewe. Anaongea polepole, kwa uangalifu, anaogopa kukosea. Machozi anamwachia Kinski, anamwachia na mtazamaji. Hiyo ni tabia ya mtu wa pembeni aliyehamia katikati ya picha bila kubadilisha mwendo. Picha ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1984.

Na baada ya ushindi huo? Mwaka ule ule wa 1984 alionekana pia kwenye Repo Man, kama mnyang'anyi halali wa magari ya wadaiwa, na kwenye Red Dawn, baba aliyefungwa nyuma ya waya. Miaka miwili baadaye akawa yule baba wa Pretty in Pink uliyemwona, mwanamume asiye na kazi, aliyeachwa na mke, anayeamshwa asubuhi na binti yake. Akarudi kona yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili, na sitakupamba. Hollywood haikujua la kumfanyia. Steringi ni jina la kuuzia tiketi kabla picha haijatazamwa, na mwanamume wa miaka 58 mwenye mashavu yale hakuwa jina la namna hiyo, awe na Palme d'Or au asiwe nayo. Skripti ya aina ile nayo haizaliwi kila mwaka. Oscar hakuwahi hata kuteuliwa, ingawa tuzo ya mwigizaji msaidizi ipo tangu picha za mwaka 1936.

Na upande wake naye hakukimbiza. Alikuwa kapera, mvutaji sigara, mpenda baa, mpiga gitaa na harmonika, msomaji wa falsafa za mashariki zinazofundisha kuacha mambo yaende yanavyokwenda. Simu ikilia, anakwenda. Isipolia, anaimba na bendi yake. Kwa hiyo ukiniuliza alikosa nini, nitasema alikosa ukatili wa kujitafutia. Wenye kipawa nusu ya chake waliupata ukubwa kwa sababu waliamka asubuhi kuutafuta. Sisemi hiyo ni sifa wala lawama, nasema ndivyo alivyokuwa, na wewe unajijua mwenyewe uko upande gani.

Kula alikula. Hili waigizaji vijana hawaliulizi, wakati ndilo la msingi. Chama cha waigizaji wa sinema Marekani kilianzishwa mwaka 1933, na kwa mgomo wa mwaka 1960 kilipata mfuko wa pensheni na matibabu, pamoja na malipo pale picha za sinema zinapouzwa kwa televisheni. Kuna kima cha chini ambacho mtayarishaji hawezi kukishusha, hata kama umetokea siku moja tu. Mwigizaji mwenye nafasi ndogo mia, zinazorushwa tena na tena, huyo ana riziki. Mwenye nafasi ndogo mia pasipo mkataba ulioandika lolote kuhusu marudio, huyo ana picha za ukutani. Kabla hujachoshwa na walinzi wa getini, soma mikataba yako.

Mhakiki Roger Ebert aliwahi kuweka kanuni ya utani kwamba picha yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh, mwigizaji mwingine wa aina yake, katika nafasi ya pembeni haiwezi kuwa mbaya kabisa. Baadaye alikiri kwamba zimetokea zilizoivunja. Watu huichukulia kanuni hiyo kama sifa tu, lakini mimi naona ina maelezo ya kifundi. Mwongozaji anayejua kumchagua mtu wa dakika mbili kwa makini namna hiyo, kwa kawaida ameshachagua kwa makini na mengine.

David Lynch alikuwa wa aina hiyo, na alimtumia mara nyingi mno. Mfano ninaoupenda ni The Straight Story ya mwaka 1999, iliyotokana na kisa cha kweli. Mzee mgonjwa, asiyeweza tena kuendesha gari, anapanda mashine ya kukatia nyasi kutoka Iowa mpaka Wisconsin kwenda kumwona kaka yake Lyle, ambaye hawajasemeshana kwa miaka. Picha nzima tunakwenda kwa Lyle. Tunamsikia, tunamngoja, hatumwoni. Hatimaye mlango wa kibanda kibovu unafunguka, anatoka Stanton kwa kifaa cha kutembelea. Anakaa. Anaitazama ile mashine, anatazama mkokoteni wake, anamuuliza mdogo wake kama ameiendesha ile njia yote kuja kumwona. Macho yanamjaa. Basi, picha imekwisha. Yumo kwa dakika chache tu, lakini weka mtu mwingine pale ambaye uso wake hauonyeshi miaka hiyo ya kununa, na safari yote ya saa mbili inakuwa ya bure. Sasa niambie hiyo ni nafasi kubwa au ndogo.

Usteringi wake wa mwisho ulikuwa kwenye Lucky. Mwongozaji wake, John Carroll Lynch, naye ni mwigizaji wa pembeni wa siku nyingi, na nadhani ndiyo sababu alijua pa kuiweka kamera. Skripti ilishonwa kwa vipande vya maisha ya Stanton mwenyewe. Lucky ni mzee wa mji mdogo wa jangwani, anavuta sigara, anafanya mazoezi yake ya viungo akiwa na nguo za ndani, anajaza fumbo la maneno, na siku moja anaanguka bila sababu. Daktari hamkuti na ugonjwa. Amezeeka tu. Kwenye mgahawa anakutana na mwanajeshi mstaafu, wanaongea vita, na Lucky anasema alikuwa mpishi kwenye meli ya kushushia vifaru. Si uongo wa skripti, ni yeye. Na yule mstaafu anayeongea naye ni Tom Skerritt, nahodha wa chombo kile kile cha Alien, karibu miaka 40 baadaye. Stanton alifariki Los Angeles tarehe 15 Septemba 2017 akiwa na miaka 91, na Lucky ikaingia kwenye majumba ya sinema ya Marekani wiki mbili baada ya hapo.

Umesema umechoka kupewa mlinzi. Mwaka 2012 Stanton, akiwa na miaka zaidi ya 80, alitokea kwenye The Avengers, moja ya picha zilizoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani mwaka ule, iliyosheheni mastaa. Alipewa nini? Mlinzi. Jengo tupu, paa limetobolewa, Bruce Banner, yule anayegeuka kuwa jitu la kijani liitwalo Hulk, ameanguka kutoka angani, amerudi kuwa mtu wa kawaida, yuko uchi kwenye kifusi. Mlinzi mzee amesimama anamwangalia, haogopi, hashangai sana, ameshaona mengi. Anamrushia suruali. Kisha, kwa upole wa mtu anayeuliza njia, anamuuliza kama yeye ni kiumbe kutoka anga za juu. Banner anasema hapana. Basi, mlinzi anamwambia, mwanangu, wewe una maradhi. Na anayeuliza swali hilo ni yule yule fundi Brett aliyenyakuliwa na kiumbe cha anga za juu mwaka 1979, kofia imeanguka, uso bado una maji.